Ujuzi wa Mpando: Wapagazi na Ukuta wa Mawe wa Mgunda Mkali, 1857–1912

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Tabora kwa treni huvuka uwanda wa Bahi, hufika Saranda, kisha huanza kupanda. Reli hujipinda ikiufuata mwinuko, na uwanda uliokuwa sambamba na dirisha hubaki chini. Baada ya mwinuko huo hufuata Manyoni, kisha Itigi, na nchi huwa tambarare tena, yenye vichaka vilivyosongamana pande zote. Wasafiri wengi huikumbuka Saranda kwa kuku wa kukaanga wanaouzwa stesheni kuliko kwa mwinuko unaoanzia hapo. Hata hivyo, kabla ya reli, mwinuko huo ulikuwa sehemu mojawapo ngumu ya njia kuu ya misafara kati ya pwani na Unyamwezi. Watu waliupanda kwa miguu, wakiwa wamebeba mizigo, juu ya mawe yaliyomomonyoka kutoka kwenye miamba iliyo juu yao.

Historia ya upandaji milima katika Tanzania kwa kawaida huelezwa kupitia Kilimanjaro. Tarehe inayotajwa zaidi ni Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni. Katika masimulizi hayo kupanda ni tendo la kutafuta kilele, na mpandaji ni yule aliyekifikia. Mtazamo huo unaacha nje maelfu ya watu ambao katika karne hiyohiyo walipanda miamba kwa sababu ya kazi. Kwao mlima haukuwa na kilele cha kutafutwa. Ulikuwa ni kizuizi kilichosimama kati ya mzigo na mahali ulipopaswa kufika.

Makala haya yanajadili upandaji wa aina hiyo ya pili katika eneo la kati ya Bahi na Itigi, mkoani Singida, tangu safari ya Burton na Speke mwaka 1857 hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Hoja kuu ni kwamba ujuzi wa kuupanda ukuta huo na kuivuka nyika iliyo nyuma yake ulikuwa mikononi mwa wapagazi na viongozi wao. Waandishi wa vitabu vya safari walipita, wakaandika, wakaondoka. Waliobaki kwenye njia ndio walioijua. Ushahidi wa ujuzi huo unapatikana katika mambo matatu: mpangilio wa msafara, maamuzi kuhusu njia, na majina ya vituo.

2.0 Ukuta na Nyika Iliyo Nyuma Yake

Eneo linalojadiliwa ni ukingo wa Bonde la Ufa. Bahi iko chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Manyoni na Itigi ziko juu ya mita 1,200. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 300 inatokana na kupasuka na kushuka kwa ardhi, tukio lililouacha upande wa magharibi ukiwa juu. Ukuta uliotokea si genge moja lililosimama wima. Ni mfululizo wa miteremko, makorongo na majabali, na chini yake hukusanyika mawe yaliyong'oka kutoka juu na kuporomoka. Kwa hiyo mpandaji alikabiliwa kwanza na mawe yasiyotulia chini ya mguu, na baadaye tu na mwamba wenyewe.

Juu ya ukuta ilianza nyika ambayo misafara iliiita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Jina zima laweza kueleweka kuwa shamba lenye ukali wa moto. Nyika hiyo ilianzia mpaka wa magharibi wa Ugogo hadi Tura, mlango wa Unyamwezi, na uwanda wa Itigi ya leo umo ndani ya ukanda huo. Uoto wake ni wa pekee. Kichaka cha Itigi ni msitu mfupi wa miti na vichaka vinavyopukutisha majani wakati wa kiangazi, na umesongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupita ila kwa kufuata njia iliyokwisha kukatwa. Maji ya juu ya ardhi ni haba, na wakati wa kiangazi mito hubaki michanga mitupu.

Mambo haya mawili, ukuta na nyika, hayapaswi kutenganishwa. Msafara uliopanda ukuta haukupanda ili upumzike juu. Ulipanda ukijua kwamba juu kuna siku kadhaa za kutembea bila uhakika wa maji wala chakula. Nguvu iliyotumika kwenye mawe ilitolewa katika akiba ambayo ingehitajika siku iliyofuata. Uamuzi wa saa ya kupanda, mahali pa kupanda na mwendo wa kupanda ulikuwa pia uamuzi kuhusu uhai wa watu huko mbele.

3.0 Mpangilio wa Msafara Kwenye Mteremko

Kitabu cha Richard Burton kilichotoka mwaka 1860 kinaeleza kwa kirefu namna msafara wa wakati huo ulivyopangwa. Mbele alikwenda kirangozi, akiwa na bendera nyekundu na mavazi yaliyomtambulisha. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, waliohesabiwa kuwa na hadhi kuliko wapagazi wengine. Kisha walikuja wabeba nguo na ushanga, halafu wenye mizigo midogo, wanawake, watoto na wanyama. Mwenye mali alikaa nyuma kabisa ili mtu asiuache msafara bila kuonekana. Wote walikwenda kwa mstari mmoja, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa na upana wa mguu wa mtu.

Burton aliuona mpangilio huo zaidi kama desturi na fahari. Ukiangaliwa kwa kuzingatia ardhi, unaonyesha pia busara ya kazi. Mzigo wa kawaida wa nguo haukuzidi frasila 2, yaani karibu kilo 32. Pembe kubwa iliweza kuzidi hapo, na ile iliyoshinda nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kuchukuliwa mzegazega na watu wawili. Juu ya mawe yasiyotulia, kila hatua ya aliye mbele huweza kuteremsha jiwe kwa aliye nyuma. Mwenye mzigo mrefu na mzito ndiye mwenye nafasi ndogo ya kukwepa. Kumweka mbele kulimpa njia ambayo bado haijavurugwa na miguu ya wengine, na kuliufanya mwendo wa msafara mzima ufuate mwendo wa aliyelemewa zaidi.

Ufungaji wa mizigo nao ulikuwa na maana. Mtumba wa nguo ulizungushiwa vijiti na kukazwa kwa kamba hadi ukawa mgumu kama gogo, na vijiti hivyo viliuwezesha kuegemezwa kwenye mti ukiwa umesimama. Pagazi aliyetaka kupumzika hakulazimika kuulaza chini kisha kuinama kuuinua tena. Faida ya utaratibu huo kwenye uwanda ni ndogo. Kwenye mteremko, ambako kuinama na kilo 32 juu ya jiwe linalocheza ni kujitafutia anguko, faida yake ni kubwa.

Jambo la tatu ni tirikeza, yaani mwendo wa mchana ulioanza baada ya watu kula, kunywa na kujaza vibuyu. Msafara uliondoka jua likianza kupungua, ukatembea hadi usiku, ukalala pasipo maji, na kukipambazuka ukaendelea hadi kituo chenye maji. Kwa njia hiyo sehemu kavu iligawanywa katika vipande viwili, na saa za jua kali zaidi zilikwepwa. Utaratibu huu haukubuniwa na wageni. Waliukuta, wakaulalamikia kwa uchovu wake, na wakaufuata kwa kuwa haukuwa na badala.

4.0 Nani Aliyeijua Njia?

Vitabu vya karne ya 19 huwapa sifa ya ujuzi wa njia wale waliokuwa na ramani na vipimo. Hesabu rahisi ya safari inatoa picha nyingine. Burton aliupanda ukuta huu mara moja, mwaka 1857, akielekea Kaze, karibu na Tabora ya leo, alikofika Novemba mwaka huo. Speke aliupanda mara mbili, mara ya pili akiwa na Grant mwaka 1860. Cameron aliupanda mara moja, mwaka 1873. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, naye alifika Tabora Juni mwaka huo.

Katika safari hizo zote nne alikuwamo mtu mmoja: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa India, na baadaye akarejea Unguja. Alipanda pamoja na Burton na Speke, akapanda tena na Speke na Grant, mara ya tatu na Stanley, na ya nne na Cameron. Aidha, alirudi pwani kwa njia ya Ugogo mwaka 1859 na tena mwaka 1872. Kwa hesabu hiyo hakuna hata mmoja kati ya waajiri wake aliyeujua ukuta huu kama yeye. Ndani ya vitabu vyao, hata hivyo, Bombay huonekana kama mtumishi mwaminifu, msemaji sana, wakati mwingine mkaidi. Ni nadra kuonekana kama mtu mwenye maarifa ya mahali. Na Bombay angalau aliandikwa jina. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikwenda pwani na kurudi kwa miaka mingi, huhesabiwa kwa idadi tu.

Ujuzi huo hujitokeza waziwazi pale unapogongana na amri. Stanley anasimulia mabishano yaliyozuka Mukondoku, magharibi mwa Ugogo, kabla ya kupanda kwenda Mgunda Mkali. Zilikuwapo njia zaidi ya moja, na kila moja ilikuwa na watetezi wake miongoni mwa wakuu wa misafara na wapagazi. Waliobishana walipima umbali wa maji, uwezekano wa kupata chakula, na hongo ambayo ingetozwa njiani. Stanley anayaeleza kama fujo iliyohitaji kutulizwa. Yakisomwa upya, ni mjadala wa kitaalamu uliofanywa na watu waliokuwa wamezipita njia hizo wenyewe, tena mbele ya mtu ambaye hakuwa amepita hata mojawapo.

Safari ya Speke na Grant inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Walikuwa Mgunda Mkali mwishoni mwa mwaka 1860, wakati wa mvua kubwa, chakula kikiwa kimekwisha. Wapagazi wengi walitoroka, mizigo ikabaki, na sikukuu ya Krismasi ikawakuta wangali nyikani wakisubiri msaada kutoka Kaze. Speke aliandika kuhusu utoro huo kama usaliti. Mtu aliyekwisha kuivuka nyika hiyo mara kadhaa, na aliyeona maghala ya vijiji yakiwa matupu na mito ikiwa imefurika, aliweza kukadiria mapema mambo yangeishia wapi. Kuondoka kwake kulikuwa hasara kwa msafara, lakini kulitokana na maarifa. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anawachukulia kuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, waliojua kugoma na kudai haki. Matukio ya Mukondoku na ya Mgunda Mkali yanaafikiana na mtazamo huo.

5.0 Majina ya Vituo Kama Kumbukumbu

Wapagazi hawakuandika vitabu, lakini walitaja mahali. Majina yanayokutwa katika maelezo ya njia ya Mgunda Mkali yana jambo moja linalojirudia: jiwe. Kuna Jiweni, kuna Jiwe la Mkoa, kuna Jiwe la Singa. Kuna pia Mgongo Tembo, jina lililotokana na mwamba mrefu uliojikunja kama mgongo wa mnyama huyo. Kwenye ukingo wenyewe wa ukuta kuna Kilimatinde, jina linalobeba neno kilima.

Kwa msomaji wa leo majina hayo yanaweza kuonekana kama maelezo ya sura ya nchi tu. Lakini katika uwanda uliofunikwa na kichaka, mwamba ulio wazi una kazi mbili. Kwanza, huonekana kwa mbali, mahali ambapo mti mmoja haupambanuki na mwingine. Pili, huhifadhi maji. Mvua inayonyesha juu ya jabali tupu haizami; huteremka, hujaa katika mashimo ya mwamba, na iliyobaki hujikusanya kwenye mchanga ulio chini yake, ambako huweza kuchimbwa hata kiangazi. Kusema kwamba msafara utalala Jiweni kulikuwa pia kusema mahali pa kutafutia maji.

Hapa ndipo ukuta na nyika vinapokutana katika fikra za wasafiri. Mawe yaleyale yaliyoumiza miguu wakati wa kupanda yalikuwa, huko juu, alama ya uhai. Pagazi aliyejifunza kulisoma jabali kwenye mteremko, lipi limeshikamana na ardhi na lipi linangoja kung'oka, alilisoma tena uwandani kwa swali tofauti: lipi lina maji na lipi limekauka. Orodha ya vituo ilikuwa ramani iliyobebwa kichwani, na kila kizazi cha wapagazi kilikikabidhi kizazi kilichofuata.

Hata siasa za eneo hilo zilichukua lugha ya mawe. Kufikia mwaka 1871 Wakimbu walikuwa wamefyeka sehemu za Mgunda Mkali na kujenga vijiji mahali ambapo Burton hakukuta makazi, hali iliyopunguza hofu ya njia. Katika miaka ya 1870 Ukimbu uliunganishwa kwa nguvu chini ya Nyungu ya Mawe, mtawala aliyetegemea ruga-ruga na kutawala njia za misafara hadi kifo chake mwaka 1884. Jina lake lina maana ya chungu cha jiwe, yaani kisichovunjika. Mtu aliyetaka kuogopwa katika nchi hiyo hakuwa na mfano ulio bora zaidi.

6.0 Mipaka ya Uwenzi

Ni rahisi kuusifu msafara kama jumuiya ya wenzi waliosaidiana kwenye mteremko. Sifa hiyo ina ukweli. Utani kati ya makabila, unaoendelea hadi leo, ulikua kwa sehemu kubwa katika mazingira ya njia, ambako Mnyamwezi aliyefiwa au kuugua katika nchi ya watu alihitaji mtu wa kumhudumia na kumzika. Mfano unaojulikana zaidi wa uaminifu wa njiani ni ule wa Susi, Chuma na wenzao, waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873, wakapita Tabora, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Hata hivyo, njia hiyohiyo ilipitisha watu ambao hawakuchagua kusafiri. Mateka walioteremshwa kwenda pwani waliushuka ukuta huu wakiwa wamefungwa pamoja. Kwao kufuatana kwa mstari mmoja hakukuwa mpangilio wa kazi. Aliyeteleza aliwavuta wenziwe, na aliyeshindwa kutembea hakungojwa. Vilevile, miongoni mwa wapagazi wenyewe mgonjwa aliweza kuachwa nyikani pale ambapo kungoja kungewakausha wote kwa kiu. Neno uwenzi, kwa hiyo, halipaswi kutumiwa kana kwamba lilimhusu kila aliyekuwa kwenye mstari. Ujuzi wa mpando uliwaokoa waliokuwa na sauti ya kusema wapi papandwe na lini. Asiyekuwa na sauti aliubeba mzigo wa maamuzi ya wengine.

7.0 Reli na Kusahauliwa kwa Mpando

Utawala wa Wajerumani uliitambua nafasi ya ukuta kwa kujenga boma Kilimatinde, mahali ambapo aliyepanda na aliyekuwa akishuka wote walionekana. Mabadiliko makubwa yalikuja na Reli ya Kati. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914. Reli haikuweza kupanda kama mtu. Ilihitaji mteremko wa polepole, hivyo ikaufuata ukuta mahali palipofaa injini, ikapitia Saranda na Manyoni, na kuiacha Kilimatinde kando. Manyoni ikakua, Itigi ikawa stesheni, na mji uliokuwa mlango wa nyika ukabaki pembeni.

Matokeo yake hayakuwa ya kiuchumi tu. Ujuzi uliotegemea miguu hudumu kadiri miguu inavyoendelea kupita. Siku pembe na nguo zilipoanza kusafiri kwa behewa, hapakuwa tena na sababu ya kijana kufundishwa jiwe lipi lina maji mwezi wa Oktoba. Kichaka kilizifunga njia. Majina mengine yalibaki katika ramani za zamani bila mtu wa kuyaeleza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupanda ukuta wa mawe kati ya Bahi na Itigi kulikuwa kazi yenye maarifa yake: namna ya kufunga mzigo, kupanga mstari, kugawa mwendo na kuchagua njia. Maarifa hayo yaliwatangulia wasafiri wa Ulaya, yaliwabeba, na yakatajwa katika vitabu vyao pale tu yalipowapinga.

Suala hili lina uzito hata sasa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Kilimatinde ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa. Urithi huo ukielezwa kwa maboma, makaburi na nyumba za wageni mashuhuri, utarudia upungufu wa vitabu vya karne ya 19. Waliopanda hawakuacha majengo. Waliacha majina ya mawe, na mteremko wenyewe. Kukusanya majina hayo kutoka kwa wazee wa Manyoni na Itigi, pamoja na kuzibaini njia za zamani kabla hazijafunikwa kabisa, ni kazi ya utafiti isiyoweza kuahirishwa. Sidi Mubarak Bombay aliupanda ukuta huo mara nne bila kuandika ukurasa hata mmoja, na waliomfuata nyuma kwa mizigo hawajulikani hata kwa majina. Mahali walipoweka miguu yao ndipo historia ya mpando huo inapopaswa kuanzia.